Herufi W si doa kubwa kuliko F

Wanafunzi wengi wameaminishwa kwamba kujiondoa kwenye kozi ni aibu kubwa kuliko kuifeli, eti aliyefeli angalau alipambana hadi mwisho. Imani hii imewaumiza vijana wengi bila sababu.

Katika vyuo vya Marekani vinavyotumia GPA, yaani wastani wa alama wa hadi 4.0, kujiondoa ndani ya muda uliowekwa huandikwa W (kifupi cha "withdrawal", kujiondoa). Herufi hiyo huonekana kwenye hati ya matokeo lakini haiingii kwenye hesabu ya wastani. F huingia, tena kama sifuri. Chukua kozi nne za krediti 3 kila moja. Ukipata B, yenye alama 3, katika tatu na F katika moja, wastani wa muhula ni 2.25. Ukijiondoa kwenye hiyo moja, unabaki na 3.0. Tofauti hiyo inaweza kuchukua muda kuifidia.

Hata hivyo W ina gharama zake, na hapa ndipo ningemsihi mwanafunzi atulie kabla ya kusaini fomu. Kozi uliyojiondoa huhesabiwa kuwa umeijaribu bila kuimaliza, jambo linaloweza kugusa msaada wa fedha. Ukijiondoa kozi zote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya msaada wa serikali kuu hurudishwa. Ada nayo mara nyingi hairudi.

Kuacha tu kuhudhuria si kujiondoa. Asiyejaza fomu kwa kawaida huishia na F, kwa hiyo nenda kwa mshauri wa masomo kabla tarehe ya mwisho haijapita.