Kesi ya Uingereza: uliza kwanza nani kaamua

Kila mwaka huja ofisini kwangu hapa Mombasa kijana wa mafunzo ya uwakili akiwa ameshika kesi ya Uingereza aliyoitoa kwenye intaneti, uso umemchangamka kana kwamba tumeshashinda. Mimi huuliza jambo moja tu: imeamuliwa na mahakama gani? Wengi hubabaika. Kesi inasema nini wanajua. Nani kaisema hawajui.

Lugha yetu nayo inachangia. Tukisema Uingereza tunachanganya yote, kumbe "sheria ya Kiingereza" ni ya England na Wales peke yake. Scotland ina sheria yake na mahakama zake, na Ireland ya Kaskazini vivyo hivyo. Halafu kuna hii komon loo, ambayo watu huitafsiri "sheria ya kawaida". Siipendi tafsiri hiyo. Ukawaida haumo. Katika karne ya 12, enzi za Mfalme Henry II, majaji wa mfalme walizunguka wilaya kwa wilaya wakisikiliza mashauri, na kidogo kidogo mila za kila mahali zikaingia katika sheria moja ya nchi nzima. Ni sheria ya pamoja, sheria ya wote.

Ndiyo maana hakuna kitabu kimoja utakachokifungua ukaikuta yote, kama Wafaransa walivyo na kitabu chao cha sheria za madai cha mwaka 1804. Bunge hutunga sheria, na neno la Bunge humshinda jaji yeyote. Lakini sehemu kubwa ya sheria ya mikataba, na ya madhara tunayosababishiana, imejengwa na majaji, kesi juu ya kesi.

Pembeni yake ilikua insafu, yaani kanuni za haki na uungwana. Ukikosa haki kwa sababu kanuni za mahakama ni ngumu mno, ulimwendea Chansela, waziri mkubwa wa mfalme, kulilia uungwana. Huko ndiko ilikotoka amana ya kisheria, mtu mmoja kushika mali kwa faida ya mwingine, jambo ambalo sisi watu wa pwani tuliozoea wakfu hatuoni tabu kulielewa. Sheria za 1873 na 1875 ziliziunganisha mahakama hizo mbili, na leo jaji yule yule hutumia zote.

Sasa ngazi zenyewe. Jinai karibu zote huanzia kwa mahakimu, ambao wengi wao ni raia wa kawaida wasiolipwa mshahara, wasio wanasheria, wakikaa na karani anayeijua sheria. Makosa mazito hupelekwa Mahakama ya Taji, mbele ya jaji na jopo la raia 12: jopo huamua kama mtu ana hatia, jaji hutoa adhabu. (Hapa Kenya enzi za ukoloni jopo la namna hiyo lilikuwa la Wazungu. Mwafrika akishtakiwa, jaji alikaa na washauri, ambao hakulazimika kuwafuata.) Madai huanzia Mahakama ya Kaunti, ambayo haihusiani hata chembe na kaunti zetu hizi, au Mahakama Kuu ikiwa ni mazito. Juu yao ipo Mahakama ya Rufaa, na kileleni Mahakama ya Upeo yenye majaji 12, iliyofunguliwa Oktoba 2009. Kabla ya hapo kazi hiyo ilifanywa na majaji waliokaa ndani ya Baraza la Malodi, yaani baraza la juu la Bunge lenyewe.

Wa juu akisema, wa chini hufungwa. Kanuni yote ndiyo hiyo. Mahakama ya Rufaa hufungwa hata na maamuzi yake yenyewe, isipokuwa kwa sababu chache. Malodi nao walijifunga vivyo hivyo hadi mwaka 1966, walipotangaza kwamba wanaweza kuacha uamuzi wao wa zamani pale inapofaa.

Kinachofunga, lakini, si kila neno la hukumu: ni ile sababu iliyoamua kesi, mengine ni maneno ya kando. Chukua kesi maarufu ya konokono. Agosti 1928, mjini Paisley, May Donoghue alinunuliwa soda ya tangawizi na rafiki yake. Chupa ilikuwa nyeusi, haionyeshi ndani. Alipokuwa ameshakunywa kiasi, iliyobaki ikamiminwa, na anasema akatoka konokono aliyeoza. Mkataba hakuwa nao na yeyote, maana soda hakuinunua yeye. Akamshtaki mtengenezaji, David Stevenson. Mwaka 1932 Malodi watatu kwa wawili walisema mtengenezaji ana wajibu kwa mnywaji. Lodi Atkin aliuliza swali la Injili ya Luka, jirani yangu ni nani, akajibu kisheria: ni yule ambaye ningepaswa kumfikiria kwamba kitendo changu kitamgusa. Na konokono? Hakuna mahakama iliyowahi kuthibitisha kwamba alikuwemo. Malodi waliulizwa tu: ikiwa ni kweli, sheria inasemaje? Tena ilikuwa kesi ya Scotland, ila walikubali kwamba katika jambo hilo sheria ya pande zote mbili ni moja.

Je, inamfunga jaji wa Mombasa? Hapana. Sheria yetu ya mahakama inapokea komon loo na insafu kama zilivyokuwa England tarehe 12 Agosti 1897, na kwa kadiri tu hali ya nchi na watu wake inavyoruhusu. Tanzania Bara tarehe yao ni 22 Julai 1920. Donoghue ni ya baadaye, kwa hiyo kwetu hushawishi. Imeshawishi sana, lakini kushawishi si kufunga, na hakimu akikuuliza usijifanye hukusikia.

Mfano wangu wa kufundishia uko karibu zaidi. Katika miaka ya 1950 ushuru wa kuvuka daraja la zamani la Nyali, lile lililoelea juu ya maboya, ulizua kesi iliyofika Mahakama ya Rufaa kule London: je, jeshi nalo lilipe? Humo Lodi Denning aliandika kwamba komon loo ni kama mwaloni wa Kiingereza. Huwezi kuuhamishia Afrika ukatarajia ubaki na ugumu ule ule, utamea lakini unataka kutunzwa. Kijana akishamaliza kuyasoma maneno hayo matamu, namrudishia swali lake: mwaloni ule ndio ulioamua nani alipe ushuru, au ni maneno ya kando?