Kipandikizi cha siku hiyo hiyo si jino la siku hiyo hiyo

Katika kikao cha harusi kilichofanyika hapa Moshi Jumamosi iliyopita, shemeji yangu, ambaye siku tatu kabla alikuwa Arusha kung'olewa jino la mbele lililovunjika mzizi, aliwatangazia wajumbe kwamba "amepandikizwa jino siku hiyo hiyo", kisha akanyoosha mkono na kuchukua ubavu wa mbuzi. Usemi huo nimeusikia mara nyingi mno mwaka huu, na kila ninapousikia, anayeusema huwa anamaanisha kitu ambacho hakikutokea. Sikumsahihisha palepale, kwa kuwa mweka hazina alikuwa anasoma ahadi za michango na si adabu kumkatiza mtu katikati ya mahesabu.

Maana yenyewe ni fupi. Kipandikizi cha meno ni skrubu ndogo, mara nyingi ya metali iitwayo titani, inayoingizwa ndani ya mfupa wa taya ili ishike nafasi ya mzizi. Juu yake hufungwa kiungo, na juu ya kiungo huvishwa kofia, ambayo ndiyo watu huiona mtu anapocheka. Huitwa cha siku hiyo hiyo pale skrubu inapoingizwa katika tundu lile lile lililoachwa na jino, ganzi ya kung'olea ikiwa bado haijaisha, badala ya kusubiri tundu lipone kwanza.

Linaloniudhi ni kwamba watu wameliondoa neno "kipandikizi" na mahali pake wameweka neno "jino". Kupandikiza ni mnyambuliko wa kupanda, na katika matumizi ya wakulima ni kuutoa mche kitaluni na kuuhamishia shambani, mahali utakapokulia. Neno hilo limezaa watoto wasiofanana: pandikizi la mtu ni jitu la miraba minne, pandikizi katika siasa ni mtu aliyeingizwa chamani na wapinzani, na ukilitaja neno kipandikizi kwenye zahanati yoyote ya mkoa huu bila kuongeza "cha meno", muuguzi ataelewa kile kijiti cha uzazi wa mpango kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono. Kwa hiyo tuna neno lililokwisha kubeba mizigo mingi, nasi tunalitwisha mwingine usio wake. Hata hivyo, asili yake ya shambani ingetusaidia kama tungeikumbuka, kwa maana hakuna mkulima wa kahawa au parachichi kwenye miteremko ya Kilimanjaro anayesema kwamba amepata mti siku aliyopandikiza mche. Husema amepandikiza, kisha husubiri, na baada ya muda husema mche umeshika. Hayo ni matendo mawili, na Kiswahili kina kitenzi kwa kila moja.

Tena kupandikiza jino kwa maana halisi kupo, na ni jambo jingine kabisa. Mtoto akianguka na jino lake la ukubwani likatoka zima na mzizi wake, linaweza kurudishwa kwenye tundu lake na likaishi, iwapo litashikwa kwa upande wa kutafunia bila kusuguliwa mzizi, litawekwa kwenye maziwa iwapo haliwezi kurudishwa mara moja, na mtoto atafikishwa kwa daktari haraka, ikiwezekana ndani ya saa moja. (Jino la utotoni halirudishwi.) Katika karne ya 18 huko London, daktari mpasuaji John Hunter alikwenda mbali zaidi: alipachika jino la binadamu kwenye upanga wa jogoo ili aone kama litashika, na katika zama zake matajiri walinunua meno kutoka vinywani mwa maskini na kupachikwa yakiwa bado na damu. Huko ndiko kupandikiza jino. Shemeji hakupandikizwa jino la mtu. Aliwekewa mzizi wa chuma.

Tukija kwenye maneno "siku hiyo hiyo", hapo kuna maswali mawili yanayojibiwa kwa jibu moja. Swali la kwanza ni lini skrubu inaingia baada ya jino kutoka: papo hapo, au baada ya wiki 4 hadi 8 ufizi ukiwa umefunga, au baada ya wiki 12 hadi 16, au baada ya miezi 6 na zaidi tundu likiwa limejaa mfupa. Swali la pili ni lini skrubu hiyo inabebeshwa mzigo wa kutafuna. Mtu anaweza kuingiziwa skrubu siku ya kung'olewa na asivishwe kofia yake ya kudumu hadi miezi kadhaa ipite, na hilo ndilo huwapata wengi. Mwingine anaweza kusubiri nusu mwaka kabla ya skrubu, kisha akavishwa jino la muda siku hiyo hiyo ilipoingia. Wote wawili wana haki ya kusema "siku hiyo hiyo", lakini hawazungumzii jambo moja.

Kusubiri huku hakukubuniwa ili kumchosha mgonjwa. Msweden Per-Ingvar Brånemark, alipokuwa akichunguza mfupa wa sungura mwaka 1952, aligundua kwamba vifaa vya titani alivyoviweka humo havitoki tena, kwa sababu mfupa ulikuwa umekua na kuvishika. Alimwekea mgonjwa wake wa kwanza vipandikizi mwaka 1965, na utaratibu wake wa awali ulitaka tundu lipone kwanza, kisha skrubu ifunikwe chini ya ufizi kwa takriban miezi 3 katika taya la chini na 6 katika la juu. Katika miaka ya 1970, Wilhelm Schulte wa Tübingen, Ujerumani, alianza kuingiza kipandikizi cha kauri kwenye tundu bichi. Alichofupisha ni muda wa kusubiri kabla ya kupandikiza, si muda ambao mfupa unahitaji ili ushike.

Muda huo haujali ratiba ya harusi. Siku ya kwanza skrubu hukaa imara kwa sababu imekazwa tu, kama skrubu kwenye mbao. Madaktari wengi hutaka ikubali nguvu ya kukazwa ya takriban niutoni-sentimita 35 kabla hawajafikiria kuivisha chochote. Kisha mfupa ulioibana huanza kuliwa na kujengwa upya, na kwenye wiki ya tatu au ya nne uimara wake huwa chini kuliko siku ile ya kwanza, ingawa mgonjwa kwa wakati huo hana maumivu na anajiona amepona. Ikitikisika wakati huo kwa zaidi ya takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, mfupa huacha kuishika, na badala yake hukua nyuzi laini kuizunguka. Ndiyo maana jino la muda linalovishwa mbele ili mtu asitembee na pengo huchongwa fupi kidogo, lisikutane na jino la upande wa pili. Lipo kwa ajili ya kucheka tu.

Wako pia wanaosema kwamba skrubu ikiingia mapema mfupa hausinyai. Husinyaa. Ukuta wa mbele wa tundu la jino la mbele kwa kawaida ni mwembamba, mara nyingi chini ya milimita moja, na hupungua baada ya kung'oa hata kama kuna titani ndani. Daktari huweza kujaza unga wa mfupa kwenye nafasi iliyobaki ili kupunguza hasara, lakini haizuii yote. Na tundu lenye usaha kwa kawaida huachwa lipone kwanza, kama vile mvutaji mkubwa wa sigara au mwenye kisukari kisichodhibitiwa anavyoshauriwa asikimbilie. Niongeze kwa ajili ya watu wa Arusha na Moshi ambao meno yao yana rangi ya kahawia kwa sababu ya floraidi ya maji yetu: rangi hiyo iko kwenye gamba la jino, na jino lenye mzizi mzima halihitaji mzizi wa titani.

Kwa hiyo shemeji hakutudanganya. Alitaja tendo sahihi kwa nomino isiyo yake. Angesema "nimewekewa mzizi siku hiyo hiyo, jino lenyewe bado", tungempa pongezi zile zile, na yeye angeukata ule ubavu kwa kisu na kuutafunia nyuma.