Fowili haisimamishi gari: dhana potofu kuhusu kuendesha kwenye theluji

"Usiwe na wasiwasi mwalimu, gari langu ni fowili," yaani linasukumwa na magurudumu yote manne. Kila theluji ya kwanza inapoanguka hapa Minnesota, Marekani, naambiwa maneno hayo, na wanaoniambia mara nyingi ni Wakenya na Wakongomani, watu walioendesha miaka mingi nyumbani bila kugonga hata kuku. Wengi wanafanya kazi za zamu katika nyumba za kutunzia wazee, kwa hiyo wako barabarani saa tano usiku au alfajiri, wakati lami imeganda kabisa. Nafundisha udereva, na hakuna imani inayonichosha kama hii, kwa sababu inamwondolea mtu makini hofu ambayo ingemlinda.

Najua inakotoka. Aliyepanda vilima vya Kisii wakati wa mvua, au aliyepita njia za Kivu, ameona kwa macho yake gari la kawaida likizungusha magurudumu kwenye tope huku fowili ikipanda na kwenda zake. Kule shida kubwa ya barabara mbovu ni kukwama, na fowili inakuvusha. Huku kukwama mara nyingi ni usumbufu tu. Kinachoua ni gari kukataa kusimama kwenye taa nyekundu, au kwenda moja kwa moja wakati wewe umekata usukani. Na kwa mambo hayo mawili fowili haikusaidii chochote.

Kazi ya fowili ni kupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu yote manne. Inakusaidia kuondoka na kupanda mlima, basi. Breki ni habari nyingine: kila gari, hata kigari kidogo kinachovutwa na magurudumu ya mbele, kina breki kwenye magurudumu yote manne. Ukikanyaga breki, Land Cruiser na Corolla zinategemea kitu kilekile, yaani mpira unaogusa barabara. Na kila tairi linagusa barabara kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mkono.

Tupige hesabu. Uko kwenye maili 30 kwa saa, yaani kama kilomita 48, mwendo wa mtaani. Kwenye lami kavu, tangu breki zinaposhika hadi gari lisimame ni mita 13 hivi. Kwenye theluji iliyoshindiliwa na magari ni kama mita 45. Kwenye barafu ni mita 90, na barafu ikiwa na maji juu yake inazidi hapo. Sekunde moja ya kushtuka kabla hujakanyaga ni mita 13 nyingine. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama unaongezeka mara nne, kwa hiyo maili 60 kwenye barafu ni zaidi ya mita 350. Katika hesabu hiyo hakuna mahali panapouliza injini inasukuma magurudumu mangapi. Wala hapaulizi uzito wa gari, maana najua swali linalofuata. Gari zito linakandamiza barabara zaidi, ni kweli, lakini pia kuna mzigo mkubwa zaidi wa kuzuia. Unachopata huku unakipoteza kule.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba fowili inaficha taarifa. Dereva wa gari dogo akikanyaga mafuta kwenye taa ya kijani, magurudumu yanazunguka bure na gari linatikisika. Hapo hapo anajua barabara ni mbaya, anapunguza mwendo. Mwenye fowili anaondoka vizuri kabisa, anafika maili 55 kwenye barabara kuu ya I-94 bila kuhisi kitu, na mara ya kwanza barabara kumwambia ukweli ni pale anapohitaji kusimama. Baada ya kila dhoruba pita barabara kuu utazame walioingia mtaroni. Utaona magari makubwa ya fowili mengi tu.

Kwa hiyo ninachowaambia wanafunzi wangu ni hiki: ukishatoka nyumbani, kabla ya kufika barabara kubwa, hakikisha hakuna mtu nyuma yako, kisha kwa mwendo wa kutembea kanyaga breki kwa nguvu. Sikiliza gari. Sekunde mbili tu, na umejua hali ya siku hiyo. Theluji ya kwanza ya mwaka, tafuta uwanja mtupu wa maegesho, omba ruhusa kama ni wa mtu, ufanye hivyo mara kumi, na ujaribu pia kukata kona. Halafu wakati wa kona halisi, breki zote zifanyike kabla usukani haujaguswa. Mshiko wa tairi kwenye barafu ni kidogo, na ukidai breki na kona kwa pamoja hupati hata kimoja. Hapo ndipo watu wanapopotelea, kwenye njia za kutokea barabara kuu. Nafasi kati yako na gari la mbele iwe sekunde nane au kumi. Mtu ataingia katikati, ndiyo. Mwache aingie, rudi nyuma tena.

Kama una pesa ya kutumia kwa ajili ya baridi, iweke kwenye matairi. Nasikia "matairi yangu ni ya misimu yote", na jina hilo limewadanganya watu wengi. Mpira wa tairi la kawaida unaanza kuwa mgumu joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, na mpira mgumu haushiki. Tairi la theluji limetengenezwa kwa mpira unaobaki laini kwenye baridi kali, na lina michirizi midogo midogo inayong'ata theluji. Tazama ubavuni: tafuta picha ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S (kifupi cha Kiingereza cha "tope na theluji") peke yake haitoshi, kwa sababu haimaanishi kwamba tairi lilifanyiwa jaribio lolote kwenye theluji. Walioko Ujerumani wanalijua hili kisheria: tangu Oktoba 2024, barabara ikiwa na theluji au barafu, M+S bila ile picha haikubaliki. Minnesota hakuna sheria inayokulazimisha, ndiyo maana nalazimika kupiga kelele. Na yafungwe yote manne. Ukifunga mawili mbele, nyuma ya gari itakuja kukupita kwenye kona. Corolla yenye matairi manne ya theluji itasimama kabla ya fowili yenye matairi ya kawaida, na nitalisema hilo mbele ya muuza magari yeyote.

Kuna wanaopunguza upepo ili tairi lishike zaidi, ujuzi walioutoa kwenye mchanga. Usifanye hivyo barabarani. Baridi yenyewe inakupunguzia: kila joto likishuka nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, tairi linapoteza kama PSI 1 (PSI ni kipimo cha upepo wa tairi). Gari lililojazwa upepo kwenye nyuzi 15, likikutana na -20, limeshapoteza PSI 6 bila wewe kugusa kitu. Pima asubuhi kabla ya kuondoka, ujaze kufuata kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva.

"Kwenye utelezi unapampu breki." Baba alifundisha hivyo, na kwa gari la baba ilikuwa sawa. Karibu gari lolote unaloendesha leo lina ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, na magari mapya mepesi ya Marekani tangu modeli za 2012 yanalazimika kuwa na mfumo wa kuzuia kuteleza ambao wenyewe unatumia ABS. ABS inapampu mara nyingi kwa sekunde, kuliko mguu wako unavyoweza. Kazi yako ni kukanyaga kwa nguvu na kutoachia. Pedeli itatetemeka na kunguruma. Wengi wakiisikia wanadhani kitu kimevunjika, wanatoa mguu, na hapo ndipo wanapogonga. Ushike hivyo hivyo, na uelekeze usukani unakotaka kwenda. ABS haikufupishii njia kwenye barafu, inakuachia uwezo wa kukwepa.

Chumvi inayomwagwa barabarani haimalizi barafu. Chumvi ya kawaida inadhoofika sana lami ikishuka chini ya nyuzi -9 hivi, na ndiyo maana Januari unaona mchanga na dawa nyingine barabarani. Pia si kweli kwamba siku ya baridi kali zaidi ndiyo yenye utelezi zaidi. Barafu ya karibu na nyuzi 0, inayoanza kuyeyuka, inateleza kuliko ile ya -20. Lami ikionekana imelowa tu na magari ya mbele hayarushi maji, hiyo ni barafu unayoitazama. Anza kuogopa kwenye madaraja, kwa kuwa hewa baridi inapita juu na chini yake, nayo huganda kabla ya barabara.

Kupasha injini moto nusu saa hakuna faida. Injini ya kisasa inataka kama nusu dakika au dakika moja, kisha uendeshe polepole mpaka ipate joto. Kama shida yako ni vioo, vikwangue, vyote, pamoja na taa na theluji iliyo juu ya paa. Usimwagie kioo maji ya moto, kitapasuka. Na kamwe usiwashe gari ndani ya gereji iliyofungwa, hata dakika chache, wala ukiwa umekwama na bomba la moshi limefukiwa na theluji. Moshi huo una gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa wamelala. Ukikwama njiani, baki ndani ya gari, fukua bomba kwanza, washa injini kama dakika kumi kila saa, na uache dirisha wazi kidogo. Koleo, blanketi na mfuko wa mchanga vikae kwenye buti kuanzia Novemba.

La mwisho ni la wazazi. Mtoto hafungwi kwenye kiti chake akiwa na koti nene. Gari likigonga, koti linabonyea, mkanda unabaki umelegea, na mtoto anaweza kuchomoka. Mvue koti, kaza mikanda mpaka usiweze kuifinya mkunjo begani, kisha mfunike na koti hilo hilo kwa juu. Gari lote litakuwa na joto ndani ya dakika kumi.