Mashine ya gesi haipimi nguvu ya gari yako

Wiki hii nimeisikia tena: "Gari ikishatuniwa (ikishaongezewa nguvu), kipimo cha moshi usahau." Safari hii imetoka kinywani mwa fundi mwenzangu wa mtaa wa Gerezani, Dar, mtu ninayemheshimu sana kwa kazi ya injini, na aliyeambiwa ni kijana mwenye Subaru Impreza STI iliyofungwa turbo kubwa na nozeli (vinyunyizio vya mafuta) kubwa. Kijana akaondoka akiamini ana njia mbili tu: arudishe kila kitu kama kilivyotoka kiwandani, au atafute mtu wa kumpenyezea cheti. Nimeijibu kauli hii gereji, nimeijibu kwenye simu usiku, na bado inarudi. Sasa naiandika, ili anayefuata kuuliza nimtumie asome.

Mashine ya gesi, ile inayopima moshi, haijui gari yako ina nguvu za farasi ngapi. Haina namna ya kujua. Unaingiza mrija wake kwenye mkia wa ekzosi, gari imesimama, injini iko sailensi (inajizungukia yenyewe bila kukanyagwa), hakuna mzigo wowote. Baadhi ya nchi huongeza hatua ya pili: unashikilia resi kwenye RPM (mizunguko kwa dakika) 2,500 hadi 3,000, bado gari imesimama. Basi. Nguvu unayoitafuta wewe iko kwingine kabisa, pedali ikiwa imegusa zulia na turbo imejaa upepo. Hizo ni kona mbili zisizogusana za mapu, lile jedwali ndani ya kontroli boksi (kompyuta ya injini) linaloamua mafuta na taimingi. Gari ya farasi 400 inaweza kutoa sailensi safi kuliko Vitz ya plagi zilizochoka, na nimeyaona hayo kwenye mashine ileile.

Namba zenyewe si siri. Japani, yalikotoka magari yetu mengi, ukaguzi wa shaken unataka gari ya petroli iliyotengenezwa kwa viwango vya kuanzia 1998 isizidi CO (kaboni monoksidi) asilimia 1 na HC (mafuta yasiyoungua) ppm, yaani sehemu kwa milioni, 300 ikiwa sailensi. Uingereza ni wakali zaidi: gari yenye masega (kifaa cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi) ya kuanzia katikati ya 2002, kwenye resi ya juu, CO isizidi asilimia 0.2, HC isizidi ppm 200, na lambda (kipimo cha hewa dhidi ya mafuta; 1 ni uwiano kamili) iwe kati ya 0.97 na 1.03; kwenye sailensi CO isizidi asilimia 0.3. Na anayeniambia kwetu moshi si jambo la sheria, asome kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Mimi huwa nalenga namba za Uingereza hata kwa gari isiyotoka Dar maisha yake yote, kwa sababu ukizifikia hizo hakuna kipimo cha sailensi kitakachokutisha.

Kwa nini basi magari yaliyotuniwa yanafeli? Kwa sababu aliyeyatuni alitengeneza mapu ya kona ya juu, akapata namba nzuri ya kumwonyesha mteja, na huku chini akamwaga mafuta "kwa usalama". Usalama gani? Kwenye sailensi hakuna mzigo, hakuna joto la kuyeyusha pistoni. Mafuta ya ziada pale yanachafua plagi, yanaosha mafuta ya injini kwenye kuta za silinda, na yanamfukiza dereva wa bodaboda aliyesimama nyuma yako kwenye foleni ya Ubungo. Nguvu hayaongezi hata chembe.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera kuliko yote: namna tunavyoisoma oksijeni sensa.

Oksijeni sensa haipimi mafuta. Narudia kwa sababu hapa ndipo pesa za wateja zinapopotelea. Inapima oksijeni iliyobaki kwenye moshi, na kontroli boksi inadhania kutokana na hiyo: oksijeni ikiwa nyingi, mchanganyiko ni mwepesi, ongeza mafuta. Injini ikiwa nzima, dhana hiyo ni sahihi. Ikiwa na kasoro, dhana inageuka uongo, na kontroli boksi inautii uongo huo kwa bidii zote.

Chukua silinda moja inayomisi. Imevuta hewa na mafuta, haikuwasha, imevitoa vyote nje kama vilivyo. Mafuta mabichi yametoka, lakini oksijeni nayo imetoka yote bila kutumika. Sensa inaona oksijeni tele na kupiga kelele kwamba mchanganyiko ni mwepesi. Kontroli boksi inaongeza mafuta kwenye silinda zote, pamoja na zile tatu ambazo hazikuwa na kosa. Gari inanuka petroli, fundi anachomeka mashine ya kusoma kodi za hitilafu, anasoma "mwepesi", anabadilisha pampu ya mafuta. Hali inazidi kuwa mbaya. Kosa lilikuwa koili, ile inayoipa plagi umeme.

Chukua ekzosi inayovuja kabla ya sensa. Kwenye Subaru hizi ni ugonjwa wa kawaida: gasketi ya bomba linalopanda kwenye turbo, au ufa kwenye manifoldi iliyochomelewa mtaani. Watu wanadhani uvujaji unatoa moshi nje tu. Moshi wa injini unatoka kwa mapigo, na katikati ya pigo na pigo tundu lile linavuta hewa ndani. Hewa ile inafika kwenye sensa, na hadithi inajirudia: "mwepesi", ongeza, gari inanuka. Ufa ukiwa nyuma ya sensa, mafuta hayaongezeki lakini mashine ya gesi inahesabu oksijeni iliyoingia, lambda inapanda juu ya 1.03, na gari inafeli ingawa injini yake haina kosa lolote. Kabla hujagusa mapu, ziba mkia wa ekzosi kwa kitambaa kinene injini ikiwa ya baridi na usikilize chini. Ukisikia inapumua pembeni, umeokoa mchana mzima.

Kasoro ya tatu ndiyo inayowahusu hasa wenye kamshafti (mhimili unaofungua valvu) kali. Kamshafti za namna hiyo zinaacha valvu za kuingiza na za kutoa zikiwa wazi kwa pamoja kwa muda mrefu. Kwenye RPM kubwa hilo ni jema. Kwenye sailensi, sehemu ya mchanganyiko inapita moja kwa moja hadi ekzosi bila kuungua, na moshi wa zamani unarudi ndani kuchafua mchanganyiko mpya. HC inapanda, oksijeni inapanda, sensa inadanganyika tena. Hapa vitabu vinakwambia uiache kontroli boksi ijirekebishe kwa sensa. Mimi siamini hivyo tena kwa kamshafti kubwa. Naizima sensa kwenye eneo la sailensi pekee, napandisha sailensi hadi RPM 1,000 au 1,100 ili injini itulie, narudisha taimingi ya moto wa plagi nyuma kidogo, kisha naweka mafuta huku macho yakiwa kwenye mashine ya gesi. Taimingi iliyochelewa kidogo inapeleka moto kwenye ekzosi, HC inaungua huko na masega yanapata joto. Kwa injini zenye kamshafti inayobadili taimingi yake, kama 1JZ-GTE za Toyota za kuanzia 1996 zenye VVT-i, au EJ20 za Subaru zenye AVCS, kazi ni nyepesi zaidi: mwagize fundi wako acheleweshe kamshafti ya kuingiza kwenye sailensi, na nusu ya tatizo inaondoka bila kununua kitu.

Ndiyo maana sikubali karatasi ya kipimo yenye CO peke yake. CO ya juu pamoja na oksijeni karibu na sifuri ni mafuta mengi kweli. CO ya juu pamoja na oksijeni asilimia 2 au 3 na HC iliyoruka ni silinda inayomisi au ekzosi inayovuja, na mafuta ni mshitakiwa asiye na hatia. CO2 nayo inakwambia injini inaunguza vizuri kiasi gani. Asilimia 14 hadi 15 ni injini yenye afya. Namba nne, dakika moja, na unajua ushike spana ipi.

Nozeli kubwa nizipitie haraka. Tatizo lake ni kwamba kwenye sailensi zinafunguka kwa muda mfupi mno, na katika ufunguaji huo mfupi mafuta hayatoki kwa uwiano sawa na muda. Nunua nozeli zenye data yake kamili, ziingize kwenye kontroli boksi, usikadirie. Valvu ya turbo inayopumulia nje, ile ya "pshuu": kwenye gari zinazopima hewa kabla ya turbo, kama Subaru na Mitsubishi Evo, unatupa hewa ambayo kontroli boksi imeshaihesabu, na kila ukibadili gia mchanganyiko unakuwa mzito. Rudisha hewa kwenye mfumo. Plagi za baridi sana zinachafuka kwenye foleni. Kwa gari ya mjini punguza ubaridi. Na spiriti ya kumwaga kwenye tangi asubuhi ya kipimo: gari yenye sensa inayofanya kazi inairekebisha kabla hujatoka sheli.

Sasa masega, maana najua ndiko maoni yatakakokwenda.

Masega yanasafisha CO, HC na oksidi za naitrojeni kwa pamoja ikiwa tu lambda iko karibu sana na 1, kwa maana ya uwiano wa 14.7 kwa 1 kwa petroli. Ukitoka hapo kwa asilimia chache, upande mmoja wa kazi unasimama. Kwa hiyo masega mazuri hayaokoi mapu mbovu. Pia hayafanyi kazi yakiwa ya baridi. Yanahitaji nyuzi 250 hadi 300 za joto ndipo yaanze. Gari iliyokaa foleni ya ukaguzi nusu saa ikiwa imezimwa inaweza kufeli, na dakika kumi baadaye, ikiwa imetoka kuzungushwa, ikapita.

Hoja kwamba "mafuta yetu yanaua masega" ilikuwa na ukweli enzi za petroli yenye madini ya risasi. Petroli hiyo iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006. Leo masega yanauawa na injini inayokula oili, koili zilizoachwa zimisi kwa miezi, na mtindo huu wa kuweka mapu ya "kupiga risasi" (ekzosi ilipuke kama bunduki) ukiachia pedali. Kile kishindo ni mafuta yanayoungulia kwenye ekzosi. Joto likipita takribani nyuzi 1,000 tabaka la madini linaharibika, halafu masega yanasagika, yanaziba njia, gari inakosa pumzi, na mwenye gari anashuhudia kwamba masega ndiyo yaliyomla nguvu. Anayatoa, anauziwa bomba tupu, na masega yake yenye platinamu, paladi na rodi yanaondoka kwa mtu anayejua thamani yake.

Spesa, kipande cha kuisogeza na kuificha sensa iliyo nyuma ya masega, inazima taa ya injini tu. Mashine ya gesi inanusa moshi wenyewe, haisomi taa.

Kwa gari ya nguvu mimi nafunga masega ya chuma yenye seli (vitundu) 200 kwa inchi ya mraba badala ya 400 za kauri zilizozoeleka viwandani. Turbo inapumua, na tofauti na bomba tupu kwenye dyno (mashine ya kupima nguvu) ni ndogo kiasi kwamba huwezi kuihisi barabarani. Lakini lazima niseme ukweli ambao wauzaji hawausemi: haya ya seli 200 hayatabiriki. Nimefunga yaliyotoka kiwanda kimoja, kwenye injini mbili zinazofanana, mapu ileile; moja ikapita ikiwa na nafasi tele, nyingine ikabaki mpakani mwezi baada ya mwezi. Nashuku kiasi cha madini kinatofautiana kati ya boksi na boksi. Mteja akitaka uhakika, namshauri aweke ya seli 300 au arudishe ya kiwandani kwenye daunpaipu (bomba linaloshuka kutoka kwenye turbo) yenye nafasi.

Kuna jambo zito zaidi linalonisumbua. Gari zote hizi, pedali ikiwa chini na turbo imejaa, zinakwenda lambda 0.8 au chini yake ili kupoza silinda, na hapo CO inayotoka ni nyingi mno. Kipimo cha sailensi hakiioni. Oksidi za naitrojeni nazo, zinazozaliwa kwenye joto na mzigo, hazionekani gari ikiwa imesimama. Kwa hiyo ninaposema gari imepita, sijasema ni safi kila mahali. Nimesema ni safi pale inapotumia muda wake mwingi ikiwa Dar: Mwenge, Ubungo, Buguruni, ikisogea mita mbili na kusimama, na watu wamejipanga nyuma na pembeni yake madirisha wazi. Kwangu hiyo ina uzito kuliko zile sekunde chache za kukanyaga.

Kwa siku ya kipimo chenyewe: oili mpya, plagi nzima, hakuna uvujaji. Usichomoe betri siku hiyo wala kufuta kodi za hitilafu asubuhi. Kontroli boksi inapoteza ilichojifunza kuhusu mafuta na itakuwa inaanza upya mbele ya mkaguzi. Iendeshe Bagamoyo Road hadi Tegeta na kurudi kwa mwendo usiobadilika, ufike ikiwa ya moto, usiizime. Zamu yako ikikaribia shikilia RPM 2,500 kwa dakika mbili au tatu. Na ikifeli, omba karatasi yenye CO, CO2, HC na oksijeni, zote nne, pamoja na RPM zilikosomwa. Ukinitumia picha iliyoandikwa "imefeli" pekee nitakurudisha ukapime tena kabla sijafungua boneti.