Anansi si mungu, wala si wa Afrika nzima

Wengi waliokutana na Anansi kwenye katuni au filamu humtaja kuwa "mungu buibui wa Waafrika", maelezo yaliyokosea mara mbili. Kwanza, Anansi ni buibui mjanja wa hadithi za Waakan, hasa Waasante wa Ghana, ambao kwa lugha yao ya Kitwi ananse ni buibui tu; huku kwetu Uswahilini nafasi ya mjanja wa hadithi imeshikwa na sungura. Pili, mungu katika masimulizi hayo ni Nyame, mwenye mbingu, na Anansi ndiye anayemwendea akitaka kununua hadithi zake, naye akatajiwa bei: chatu, chui, manyigu na kizuka wa msituni. Namna alivyowanasa manyigu yamdhihirisha vyema: alijimwagia maji, akajifunika jani la mgomba kichwani, akawaambia kuwa mvua imeanza na kuwakaribisha wajisitiri ndani ya kibuyu, kisha akakiziba. Mungu gani huhangaika hivyo? Watu waliouzwa utumwani na kuvushwa Atlantiki walifika naye Jamaika, ambako, nionavyo, alipendwa kwa sababu ni mdogo na hukabili wenye nguvu kwa akili.