Kusafisha chujio pekee hakutoshi kwa mashine ya kukaushia nguo

Katika nyumba nyingi za Marekani, watu huamini kwamba ukishaondoa nyuzi zilizotoka kwenye nguo katika chujio kila baada ya kukausha nguo, mashine iko salama. Chujio halinasi kila kitu. Nyuzi laini hupenya pamoja na hewa ya moto yenye unyevu, zikaganda ndani ya bomba linalopeleka hewa nje, hasa kwenye kona na katika mabomba ya foili (metali nyembamba kama karatasi) yenye mikunjo, ambayo kwa maoni yangu hayafai kutumika kabisa.

Bomba likisongwa, nguo zilizokuwa zikikauka kwa mzunguko mmoja huhitaji miwili, na lawama huangukia mashine, hata fundi akaitwa kubadilisha kipashajoto kisicho na hitilafu. Kabla ya kumwita, iwashe mashine, kisha utoke nje uangalie kifuniko cha bomba ukutani: vibao vyake visiponyanyuka, hewa haipiti.

Hatari yenyewe si ndogo. Kwa miaka ya 2008 hadi 2010, mamlaka ya zimamoto ya Marekani ilikadiria matukio 2,900 ya moto wa mashine hizi kwa mwaka, na kutosafisha kuliongoza miongoni mwa sababu. Kwa mashine za gesi, bomba lililoziba laweza pia kurudisha ndani hewa ya sumu ya kaboni monoksidi.

Linalofaa ni bomba la chuma lenye kuta laini na kipenyo cha sentimita 10, lisiloungwa kwa skrubu zinazochomoza ndani, kwani ncha zake hunasa nyuzi. Lisafishwe kwa brashi ndefu angalau mara moja kwa mwaka, umeme ukiwa umechomolewa.