Kwa nini mirija ya imogolaiti hutoka na kipenyo kimoja

Mezani kwangu ipo chupa ya kitu ambacho mgeni yeyote angekiita maji safi. Ndani yake imo mirija isiyohesabika ya alumini, silikoni, oksijeni na hidrojeni, na karibu yote ina kipenyo kilekile cha nje, nanometa 2.3 hivi (nanometa ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Urefu wake unatofautiana sana, kipenyo hakitofautiani. Aliyewahi kuhangaika kutenganisha mirija ya kaboni, minene na myembamba ikiwa imechanganyika, ataelewa kwa nini jambo hili limenishika miaka yote hii.

Madini haya yanaitwa imogolaiti. Yoshinaga na Aomine waliyaeleza mwaka 1962 kutoka udongo wa majivu ya volkano huko Japani, na jina lilitokana na “imogo”, jina la wenyeji la udongo huo. Muundo wake ulichapishwa mwaka 1972. Miaka mitano baadaye Farmer na wenzake, katika taasisi ya Macaulay mjini Aberdeen, Uskochi, waliutengeneza mrija huo maabara. Udongo wa majivu ya volkano tunao hata sisi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Meru na Rungwe: mweusi, mwepesi, na mchoyo wa fosfeti, kwa sababu alumini yake huikamata mbolea kabla mizizi haijaifikia.

Sasa muundo wenyewe. Chukua tabaka bapa la alumini na hidroksili (oksijeni iliyoshikana na hidrojeni), lile ambalo wanajiolojia huliita gibsaiti. Upande mmoja wa tabaka hilo, kila kikundi cha silikati, yaani silikoni na oksijeni zake, kinashika oksijeni tatu kwa pamoja. Silikoni hupenda oksijeni zake zikae karibu karibu, lakini kwenye gibsaiti zimeachana kuliko inavyotaka. Basi inazivuta. Fundi cherehani analijua jambo hili: anaivuta lastiki, anaishona upande mmoja wa kitambaa, na akiiachia tu, kitambaa kinajikunja kuelekea kwenye lastiki. Ndiyo maana silikoni hukaa ndani ya mrija na alumini nje.

Kama mvuto ungekuwa huo peke yake, mrija ungejikaza hadi uzibe. Lakini tabaka la alumini nalo linakataa kupindwa mno. Mivutano hiyo miwili inapolingana ndipo nishati inakuwa ya chini kabisa, na hapo mrija unatulia. Kaboni haina pahali pa kutulia namna hiyo: kadiri mrija wake unavyopanuka ndivyo unavyopata nafuu, kwa hiyo hakuna kipenyo kinachopendelewa. Ukiibadilisha silikoni kwa germaniamu, ambayo vifungo vyake na oksijeni ni virefu zaidi, lastiki inalegea na mrija unatoka mnene zaidi, nanometa 3 na ushei. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mzuri kuliko yote kwamba maelezo haya ni sahihi.

Kuutengeneza kunataka subira. Chumvi ya alumini na chanzo cha silikoni, kwa uwiano wa 2 kwa 1, huzimuliwa sana katika maji. Unaongeza besi, kinyume cha asidi, hadi pH (kipimo cha uasidi) ifike karibu 5, unarudisha asidi kidogo, kisha unapasha moto chini kidogo ya kuchemka kwa siku kadhaa. Ukifanya haraka unapata ute usio na umbo.

Kuhusu ukakamavu, naomba msomaji awe mwangalifu. Mahesabu ya kompyuta huipa imogolaiti moduli ya Young, yaani kipimo cha ukakamavu, ya kati ya gigapaskali 200 na 400 hivi. Chuma cha pua kina karibu 200, mirija ya kaboni karibu 1000. Haloisaiti, madini mengine yenye umbo la mirija, ila minene zaidi, imepimwa kwa kulaza mrija juu ya tundu na kuukandamiza katikati kwa sindano ya hadubini, ikatoa wastani wa karibu 140. Kwa mrija wa nanometa 2 jaribio hilo ni gumu mno, ndiyo maana tunategemea mahesabu.

Na hesabu ina mtego wake. Moduli hupatikana kwa kugawa nguvu kwa eneo la mkato. Je, unalihesabu tundu la katikati? Kwa mrija wa nanometa 2.3 nje na 1 ndani, ukilihesabu, moduli inashuka karibu moja ya tano, na mrija ni uleule! Kabla ya kulinganisha namba za makala mbili, tafuta kwanza kila mwandishi aligawa kwa eneo gani.

Tena ukakamavu si uimara. Ukakamavu hueleza jinsi mrija unavyokataa kuvutika, uimara hueleza utakatika lini, na hapo kasoro ndizo zinazoamua: silikati iliyokosekana hapa, nyingine pale. Ukikausha mmumunyo upate utando, hali inakuwa dhaifu zaidi, kwa kuwa mrija na jirani yake vinashikana kwa vifungo vya hidrojeni tu. Utando hupasuka katikati ya mirija kabla mrija wowote haujavutwa sawasawa. Siku hizi tunachanganya na polima (dutu ya molekuli ndefu kama minyororo) yenye hidroksili nyingi, inayoushika uso wa nje wa mrija ambao nao umejaa hidroksili, ili nguvu ipate njia ya kuufikia mrija wenyewe.